Kalamu Hufuata Sauti

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mimi nimeanza kuandika nyuma ya prufu zilizoharibika, zile kurasa za majaribio za kazini, kwa sababu kuitupa karatasi yenye upande mmoja mweupe ni dhambi. Upande wa pili kuna tasnifu ya mtu kuhusu magugu ya mashambani. Asinilaumu. Nimemsahihishia vistari vyake vyote, basi nami aniachie mgongo wa magugu yake.

Barua imefika. Chuo kikuu kimenikubali kusoma shahada ya uzamili, kwa kuhesabu uzoefu wangu badala ya shahada ya kwanza, miaka miwili, kuanzia Septemba, katika mji ulio mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Jibu langu liwe na muhuri wa posta usiopita tarehe 31 Mei. Ninaweza kuahirisha mara moja tu, mwaka mmoja. Baada ya hapo nafasi imekufa. Nina miaka hamsini na miwili. Barua nimeificha ndani ya kamusi kubwa, mahali ambapo nyumbani kwetu hakuna mkono mwingine unaofika.

Kwa nini niifiche? Kwa sababu miaka kumi na tisa sasa, kila Jumapili, ninaandika safu gazetini, na humo chuo kikuu nimekiita ghala la vumbi, kiwanda cha majoho, na mwaka juzi, nilipokuwa nimekasirika kweli, banda la kasuku. Aliyelitukana banda haonekani mlangoni akiomba apewe tundu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua asubuhi, mvua mchana. Safu nimeipeleka. Nimewashukia waandishi wa vitabu vya kiada. Walistahili.

Jumanne, 12 Machi

Kazini kwetu tunachapa na kujalidi tasnifu za wanafunzi. Mteja huleta mswada uliojaa masahihisho ya mkono, mpiga chapa huupiga upya, kisha unaingia chumba cha nyuma chenye meza moja, dirisha moja linalotazama uani, na watu wawili: mimi na Mzee Mkato. Yeye hushika mswada na kuusoma kwa sauti, neno kwa neno, alama kwa alama. Mimi hushika prufu na kalamu nyekundu. Sauti ikitofautiana na karatasi, naisahihisha karatasi. Sibishi, siulizi. Kalamu hufuata sauti: ndiyo sheria aliyonifundisha siku ya kwanza, miaka ishirini na miwili iliyopita, kwa hoja kwamba jicho huona linachotaka kuona, ila sikio halina upendeleo. Wenzetu wa viwanda vingine wanatucheka. Wacheke. Vitabu vyao nimeviona.

Ni ajabu kwamba mimi, ninayebishana mpaka na mwenye duka la dawa kuhusu dawa zake, nimeishi miaka yote hii kwa kuitii sauti ya mtu mmoja.

Tunamwita Mkato kwa sababu hakuna duniani anayeutamka mkato kama yeye. Wengine huupita kama jiwe njiani. Yeye huusimamia, akavuta pumzi, akauaga. Mvua inapopiga bati na yeye akisema, "Hata hivyo, mkato, matokeo haya, mkato," ninaanza kuelea. Nimesikia tasnifu zaidi ya mia nne kwenye kiti hiki. Najua mbolea, mbu, talaka na mitaro ya maji machafu. Nimesoma chuo kikuu kwa mlango wa uani, kwa sikio, bila kuandikishwa. Wakati mwingine nafika ukumbini kabisa: mabenchi marefu, mvua inanyesha ndani bila kulowesha vitabu, na mbele yuko mtu ananiuliza swali. Midomo naiona. Swali silisikii, kwa mvua.

Ijumaa, 15 Machi

Tumemaliza tasnifu ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kuhusu kwa nini watoto hukariri. Mvua ilikuwa nzito hata Mzee Mkato akawa anasoma kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, na mimi nilikuwa mbali, kwenye yale mabenchi. Katika sura ya nne nilizinduka kwenye nukta, nikakuta mkono wangu umekata mstari mmoja wa prufu na kuandika pambizoni sentensi nyingine nzima. Mpiga chapa amekosea tena, nikawaza. Sentensi nzuri, lakini. Nikasema moyoni, huyu mwalimu ana akili; anafikiri kama mimi.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemwambia mume wangu. Yeye ni fundi mizani, na mezani pake palikuwa na mizani ya muuza nyama, imefunguliwa matumbo. Nilimweleza yote kwa hotuba ndefu: kwamba vyuo vimeoza, kwamba mtu wa umri wangu kukaa darasani na watoto ni kichekesho, kwamba hata hivyo kuna swali moja ninalotaka kulichimba mpaka chini, na kwamba kwa upande mwingine nyumba haiwezi kubaki bila mtu. Alisikiliza huku akipuliza vumbi kwenye springi. Kisha akauliza:

"Wewe bibie unataka kwenda, au unataka kukatazwa?"

Nikaichukua skrubu moja mezani, nikaizungusha.

"Kama ni kukatazwa, sema nikukataze. Kesho asubuhi utakuwa umeshafunga mzigo."

Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na saba na bado hajawahi kunipa ugomvi ulio kamili.

Jumanne, 26 Machi

Ukumbi tena, mchana, kichwa kikiwa juu ya marobota ya karatasi. Yule mtu aliuliza. Sikusikia.

Jumanne, 2 Aprili

Mzee Mkato ameisogeza meza hadi dirishani. Anasema bati linavuja kule. Halivuji. Nimepitisha kiganja sakafuni: pakavu.

Nimeanza kumtazama, jambo ambalo kwa miaka ishirini na miwili sikulifanya, maana kazi yangu ilikuwa kumsikiliza. Anaishika karatasi karibu na pua kama anayeinusa. Akifika kwenye tanbihi, zile herufi ndogo za chini ya ukurasa, sauti inapungua mwendo, kisha inaongezeka ghafla, kama mtu anayeruka dimbwi asilojua upana wake. Leo amesoma mwaka usio sahihi mara tatu. Alipotoka kwenda kula, nilichukua mswada nikapitia tanbihi zote peke yangu kwa jicho, kinyume cha sheria, kama mwizi.

Nitafanya hivyo kila siku. Mwingine akikaa kwenye kiti changu atagundua katika juma moja, na Mwenye Mashine, mwajiri wetu, ni mtu mwema lakini mashine zake hazina wema. Mzee atatolewa. Kwa hiyo sitakwenda. Siwezi.

Nimeandika "siwezi" nikahisi wepesi mwili mzima, kama mtu aliyevua viatu. Wepesi huo sikuupenda. Nauandika hapa ili nisije nikajidanganya kwamba haukuwapo.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Tanbihi mia na sita.

Jumanne, 16 Aprili

Binti yetu, ambaye ni muuguzi mji mwingine, amepiga simu. Baba yake amekwisha kumwambia. Fundi mizani hana siri, ana uzito tu. Nilimwambia nimeamua kuahirisha, labda mwakani. Akasema, "Mama, unaogopa kusoma au unaogopa kusomeka?" Kisha akacheka, akasema maprofesa watanipa shahada mwezi wa kwanza ili wayaponye masikio yao. Nilimwuliza kama wagonjwa wake hawamhitaji. Akasema wanamhitaji, lakini hata wao wanamtaka anywe chai.

Jumatano, 24 Aprili

Safu ya Jumapili iliyopita ilikuwa dhidi ya watu wazima wanaorudi vyuoni kutafuta herufi za kuweka mbele ya majina yao. Niliwaita wazee wanaojipaka wanja. Nimepata barua nyingi za pongezi kuliko mwaka mzima uliopita. Niliiandika kwa saa moja, kwa hasira safi, kama mtu anayefunga dirisha ili asisikie wimbo.

Kamusi sijaifungua siku kumi na moja.

Ijumaa, 3 Mei

Niandike polepole.

Saa nne asubuhi aliingia mwanamke wa miaka kama thelathini, amefunika kitabu kwa mfuko wa plastiki, yeye mwenyewe amelowa. Alituamkia vizuri, akaketi juu ya robota. Alikuwa yule mwalimu wa tasnifu ya kukariri. Nilidhani amekuja kushukuru, maana huwa wanakuja, na huwa nawaambia wasishukuru, wasome.

Alisema Jumanne alikwenda kutetea tasnifu yake mbele ya watahini watatu. Wawili waliuliza maswali aliyoyategemea. Wa tatu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alifungua ukurasa wa themanini na saba, akasoma sentensi moja, akasema hiyo ndiyo sentensi bora katika kazi yote. Kisha akamwuliza: unajuaje? Mwalimu akautazama ukurasa. Kitabu chake, jina lake mgongoni, na sentensi hajawahi kuiona maishani. Aliugeuza ukurasa, akaurudia, mpaka mmoja wao akakohoa. Wamempa wiki sita: ailete sentensi na ushahidi wake, au aifute na aeleze kwa maandishi ilitoka wapi.

"Mama, sikuja kugomba," akasema. "Nataka tu kujua ni ya nani."

Nikamwomba aisome. Akaifungua, akasoma kwa sauti ya darasani, wazi, bila haraka: "Mtoto hakariri kwa sababu hawezi kufikiri, bali kwa sababu hajawahi kumwona mtu mzima akibadili mawazo mbele yake."

Ni yangu. Sikuiandika popote. Nilikuwa nimeiweka akiba kwa safu kubwa. Lakini nimemwambia Mzee Mkato tukinywa chai, mwaka baada ya mwaka, kila tulipofikia tasnifu ya elimu, labda mara mia.

Nilikwenda ghalani nikauleta mswada. Ukurasa ule mwalimu alikuwa amefuta mstari na kuandika juu yake kwa penseli, ndogo, hafifu, kama nyayo za sisimizi. Maneno yake yalisema watoto hukariri kwa kuwa mitihani huuliza yaliyokaririwa, kama ilivyoonyeshwa katika jedwali la sita. Maneno ya kawaida kabisa, na yalikuwa na jedwali.

Ikawa wazi kama maji. Mzee alifika mahali asipoona. Hakusimama, kwa kuwa katika miaka arobaini hajawahi kusimama. Akaweka pale alichokuwa nacho kichwani, na alichokuwa nacho kichwani ni mimi. Nami nilikuwa kwenye mabenchi yangu, mvua ikininyeshea bila kunilowesha, na kalamu ikafuata sauti.

"Ni macho yangu," akasema Mzee Mkato. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayesoma kutoka kwenye karatasi.

Nikasema ni mkono wangu. Tukaanza kushindana, mimi na yeye, nani mwenye kosa, na mwalimu akatutazama kama anavyowatazama watoto wawili waliovunja dirisha moja. Alitungoja tumalize. Kisha akatoa penseli kwenye mkoba, akafungua daftari, akanigeukia.

"Sawa. Ila mama, kweli, unajuaje?"

Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua. Kama ningekuwa na jibu, angeandika.

Nimetukanwa kwa ajili ya mawazo yangu. Nimesifiwa, nimeitwa mwehu, mtu mmoja aliwahi kuniletea samaki kwa kupenda safu yangu. Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuniuliza nimejuaje. Nilifungua mdomo. Mvua ilikuwa bado inapiga bati, lakini swali nililisikia vizuri sana, kila neno, na nikalitambua. Ndilo lile la ukumbini.

"Sijui," nikasema.

Mwalimu akaandika.

Jumatatu, 6 Mei

Mwenye Mashine ameamuru kurasa zile zichapwe upya na nakala zijalidiwe upya. Mimi nimeandika barua kwa watahini nikaeleza kila kitu na kutia sahihi. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri wa kumlinda Mzee kwa Mwenye Mashine, kwamba mswada ulilowa mvua na penseli ikafifia. Nilichelewa. Yeye alikwisha kuingia ofisini saa mbili, akafunga mlango, akasema macho yake hayafai kazi hii tangu mwaka jana. Anaondoka mwisho wa mwezi. Anahamia kwa dada yake, ambaye anasema nyumba yake ina kila kitu ila mtu wa kumsomea barua. Mzee amecheka sana alipoyasimulia hayo. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua imepungua. Sasa inanyesha kama mtu anayekumbuka jambo, akasahau.

Ijumaa, 17 Mei

Leo nimemwonyesha Mzee Mkato barua ya chuo. Nimemwambia pia kwamba niliamua kutokwenda kwa ajili yake, na kwamba sasa nitaahirisha mwaka mmoja, maana lazima abaki mtu wa kumfundisha msomaji mpya, na chumba hiki hakiwezi kupoteza watu wawili kwa mwaka mmoja.

Alikunja karatasi yangu, akanirudishia.

"Mwanangu, mwezi uliopita kisingizio chako kilikuwa macho yangu. Macho nimeyaondoa. Leo umeshaokota kingine."

Nikapandwa na moto. Nikamwambia sihitaji kisingizio, kwamba chuo kikuu ni banda la kasuku leo kama jana, kwamba watu wasiojua kuandika sentensi hawawezi kunifundisha kufikiri. Nilisema mengi. Nilisimama. Naamini niligonga meza, kwa kuwa kalamu ilianguka. Aliacha nimalize, kama anavyouacha mkato upite.

"Basi nenda ukagombane nao huko," akasema. "Hapa unagombana na karatasi. Karatasi haiwezi kukuuliza."

Nikainama kuokota kalamu, nikakaa kule chini ya meza muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 26 Mei

Safu ya leo ina aya nne tu. Nimesema ile ya Aprili niliiandika kwa woga, kwamba mmoja wa wazee wanaojipaka wanja ni mimi, na kwamba niliwatukana wenzangu ili nisiwafuate. Simu tisa, saba za matusi. Mtu mmoja amesema nimenunuliwa. Ya kumi ilikuwa ya mwalimu. Watahini wamekubali maelezo yake. Amesema amehifadhi safu ya leo, kesho atawasomea wanafunzi wake darasani.

Jumatatu, 27 Mei

Mwalimu amepiga tena. Ameisoma. Mtoto mmoja akauliza kama mtu mzima anaruhusiwa.

Jumatano, 29 Mei

Kuungama ni kazi ya Jumapili. Kufunga mzigo ni ya siku nyingine. Nimeandika barua kwa msajili. Nimeomba kuahirisha. Nimeiandika vizuri, kwa heshima, mistari sita, nakala mbili. Mume wangu ameipitia, akairudisha mezani, akaendelea kuirekebisha mizani ya mtu. Baadaye, akiosha mikono, akasema mizani ikikaa muda mrefu na mzigo upande mmoja, springi husahau mahali pa kurudi. Nikamwambia mimi si mizani. Akasema anajua, mizani huwa hazijibu.

Alhamisi, 30 Mei

Siku ya mwisho ya Mzee Mkato. Alikuja na shati jeupe. Hapakuwa na tasnifu mezani. Mwenye Mashine aliacha iwe hivyo makusudi, ili tukae tu. Tulinywa chai. Dirisha lilikuwa wazi na uani maji yalikuwa yamesimama, yametulia, na ndani yake kipande cha mbingu kikubwa kuliko ua wenyewe. Nilikuwa kwenye ule wepesi wa usingizi, nusu hapa, nusu kwenye mabenchi. Ukumbi ulikuwa mtupu. Mvua ya ndani ilikuwa imekatika.

Nikasema haitoki karatasi chumba hiki bila kusomwa, kwa hiyo na barua yangu tuisome. Sijui kwa nini nilisema. Nilimpa nakala moja, nikabaki na nyingine, nikachukua kalamu nyekundu kwa mazoea.

Aliishika kwenye mwanga. Hakuisogeza puani. Aliishika mbali, kwa urefu wa mkono, kama anavyoishika mtu ambaye haoni hata neno moja na amechoka kujifanya. Akasafisha koo.

"Kwa Msajili, mkato. Nimepokea barua yenu, mkato, na ninawashukuru, nukta."

Hayo ndiyo niliyoyaandika. Yeyote angeandika hayo.

"Ninaikubali nafasi mliyonipa, nukta."

Kalamu yangu ilikuwa juu ya neno "kuahirisha". Nikamtazama. Alikuwa ameelekeza uso dirishani, shati jeupe, karatasi mkononi, anangoja. Alikuwa akiniachia nafasi ya kuandika, kama alivyoniachia kwa miaka ishirini na miwili, bila hata sekunde moja zaidi wala moja pungufu.

Mimi ninayebishana na kila mtu sikubisha. Sikuuliza. Nikafuta mstari, nikaandika.

"Nitafika Septemba, mkato," akasoma, akausimamia ule mkato, akavuta pumzi, akauaga, "nikiwa na swali moja, nukta."

Ijumaa, 31 Mei

Jua. Posta hufunguliwa saa mbili. Nilikuwa mlangoni saa moja na nusu.